Maswali ya Wasomaji: Akili ya Mtoto Hutengenezwa Lini?

Barua tulizochagua kwa toleo hili zinazunguka jambo moja, nalo ni namna maisha ya awali ya mtoto, tangu akiwa tumboni hadi anapozoea darasa, yanavyoiathiri akili yake ya ukubwani. Barua ndefu zimefupishwa na majina ya waandishi yameondolewa. Kila panapotajwa alama za kipimo cha akili, msomaji akumbuke kwamba vipimo hivyo hupangwa ili wastani uwe 100, na kwamba takribani watu wawili kati ya kila watatu hupata kati ya 85 na 115. Kwa mtoto mmoja, tofauti ya alama 3 haionekani kwa macho, na huenda ikaletwa hata na usiku mmoja wa usingizi mbaya. Kwa mamilioni ya watoto, alama hizohizo 3 huongeza au hupunguza sana idadi ya wanaohitaji msaada maalumu shuleni.

SWALI

Ndugu Mhariri, mama mkwe wangu anashikilia kwamba akili ni damu, na mjukuu akifanya vizuri au vibaya, neno lake ni moja: mtoto wa nyoka ni nyoka. Mume wangu humjibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nimechoka kuwa mwamuzi. Nani kati yao yuko sahihi?
Mama wa watoto wawili

JIBU

Dada, kila mmoja wao ameshika ncha yake ya kamba ileile. Watafiti wamelinganisha kwa miongo mingi pacha wanaofanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, na pacha wasiofanana, ambao ni kama ndugu wa kawaida waliozaliwa siku moja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya jozi 11,000 za pacha kutoka nchi nne, ulikadiria kwamba urithi unaeleza asilimia 41 ya tofauti za akili baina ya watoto wenye umri wa miaka 9, asilimia 55 wanapofika 12, na asilimia 66 wanapofika 17. Msomee mama mkwe takwimu hizo na atatabasamu, kwa sababu zinaonyesha pia kwamba nguvu ya urithi huongezeka kadiri mtoto anavyokua, si kupungua kama wengi wetu tungedhani.

Lakini asitabasamu sana. Asilimia 66 haina maana kwamba theluthi mbili za akili ya mjukuu wake zimetoka kwa wazazi na theluthi moja imetoka shuleni. Takwimu hiyo inahusu tofauti baina ya watu wa kundi fulani wanaoishi katika mazingira fulani, na mazingira yakibadilika, nayo hubadilika. Chukulia watoto wote wa nchi moja wameshiba, wamechanjwa na wanasoma katika shule zinazofanana: tofauti zitakazobaki baina yao zitatokana zaidi na vinasaba, na asilimia ya urithi itapanda bila kinasaba hata kimoja kubadilika. Utafiti mwingi wa pacha umefanywa katika nchi tajiri, ambako tofauti za mazingira zimekwisha kupunguzwa kwa kiasi kikubwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ugonjwa uitwao fenilketonuria, ambao daktari wa Norway, Asbjørn Følling, aliueleza mwaka 1934. Mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwili wake hushindwa kuvunja kiini kimoja kilichomo katika protini za chakula, kiini hicho hulundikana katika damu na kuuharibu ubongo, na zamani watoto hao walikua wakiwa na ulemavu mkubwa wa akili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani alibuni kipimo cha tone la damu kutoka kisiginoni, na mtoto anayegunduliwa mapema, akapewa lishe maalumu kuanzia wiki zake za mwanzo, hukua na akili ya kawaida. Kinasaba ni kilekile na ugonjwa ni wa kurithi moja kwa moja, lakini kilichoiokoa akili ni sahani ya chakula. Kwa hiyo kurithiwa ni jambo moja, na kutobadilika ni jambo jingine, na ugomvi wa nyumbani kwako unatokana na kuyachanganya mawili hayo.

SWALI

Mhariri, mke wangu ana ujauzito wa wiki 10, nasi tunatarajia mtoto wa kwanza. Rafiki zangu wananishauri ninunue spika ndogo ya kuweka tumboni ili mtoto asikilize muziki wa Mozart na azaliwe na akili nyingi. Isitoshe, mke wangu anatapika na hali chakula vizuri, nami nahofia ubongo wa mtoto utadhoofika. Nifanye nini?
Baba mtarajiwa

JIBU

Hongera kwa safari mliyoianza, na fedha ya spika ibaki mfukoni. Habari hii ilianza mwaka 1993, jarida la Nature lilipochapisha makala fupi kuhusu wanafunzi 36 wa chuo kikuu huko California. Waliosikiliza sonata moja ya Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi katika maswali ya kugeuza maumbo akilini, na nafuu hiyo ilidumu kati ya dakika 10 na 15. Katika jaribio lile hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja, wala tumbo la mjamzito. Hata hivyo uvumi ulikimbia kuliko ushahidi, hata mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Zell Miller, akaomba dola 105,000 katika bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo. Watafiti wa Vienna walipojumlisha mwaka 2010 majaribio yapatayo 40, yenye washiriki zaidi ya 3,000, hawakuona cha kujivunia. Mwimbie mwanao ukipenda, kwa kuwa sauti yako ataizoea. Lakini mambo yenye uzito katika miezi hii hayapigiwi debe.

La kwanza ni madini joto, yaani iodini, nami nitakaa hapa kidogo, kwa sababu sijui jambo jingine lenye gharama ndogo hivi na faida kubwa hivi kwa akili ya binadamu. Tezi iliyo shingoni hutumia madini hayo kutengeneza homoni inayoongoza ujenzi wa ubongo, inayoziambia chembe changa za neva ziende wapi na ziungane vipi. Tezi ya mtoto haifanyi kazi ya maana mpaka karibu nusu ya ujauzito. Kabla ya hapo anategemea homoni ya mama yake, na mama mwenye upungufu hana cha kumgawia. Katika mabonde ya milima ya Alpi, ambako udongo na maji vina madini joto kidogo mno, watu walizoea kwa karne nyingi kuona uvimbe wa shingo kwa wakubwa, na watoto waliozaliwa wafupi, viziwi na wenye ulemavu mkubwa wa akili. Mwaka 1922 Uswisi ilianza kutia madini hayo katika chumvi, Michigan nchini Marekani ikafuata mwaka 1924, na hali hiyo ikatoweka katika kizazi kimoja.

Upungufu usioonekana nao una gharama yake. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wanawake 1,040 waliopimwa madini joto katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito: watoto wa wale waliokuwa na upungufu, ingawa ulikuwa mdogo, walipata alama za chini katika maswali ya lugha walipofika miaka 8. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 250 kwa siku kwa mjamzito, kutoka 150 za mtu mzima wa kawaida. Nunueni chumvi yenye madini joto, ihifadhini katika chombo chenye kifuniko mbali na unyevu, kwa sababu madini hayo huvukizwa, na mkeo amuulize mkunga kama anahitaji nyongeza. Kama ana ugonjwa wa tezi, hilo lisemwe kliniki mapema, na asijipimie dozi mwenyewe, maana madini hayo yakizidi pia hudhuru.

Mengine nayataja kwa ufupi. Pombe hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama. Hiyo ni miongoni mwa sababu kubwa za ulemavu wa akili zinazoweza kuzuilika kabisa. Sigara iwe mbali naye, na yako pia. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku hadi wiki ya 12, humkinga mtoto na mgongo wazi, ingawa kwa kweli ilipaswa kuanza kabla ya mimba. Mtoto akizaliwa, ulizeni kama hospitali hupima damu ya kisigino ili kujua kama tezi yake inafanya kazi, kwa sababu anayekosa homoni hiyo na akaanza kutibiwa ndani ya wiki mbili za kwanza kwa kawaida hukua na akili timamu, ilhali anayecheleweshwa kwa miezi hupata hasara isiyorudi.

Kuhusu kutapika, nina habari ya kukutuliza. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, sehemu ya Uholanzi iliyokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani ilikumbwa na njaa kali ya miezi kadhaa. Watoto waliokuwa tumboni wakati huo walipimwa walipofika miaka 19 na kuitwa jeshini. Uchambuzi wa mwaka 1972, uliohusu vijana 125,000, haukukuta tofauti ya akili kati yao na wengine. Huenda sehemu ya maelezo ni kwamba watu hao walikula vizuri kabla ya njaa na baada yake, au kwamba mimba zilizodhurika zaidi hazikufika mwisho. Vyovyote iwavyo, wiki chache za kichefuchefu kwa mama aliyeshiba kabla yake hazimwibii mtoto akili. Asipoweza kushika hata maji, hapo ni hospitali bila kusubiri kesho.

SWALI

Maziwa yangu yalikauka mwanangu akiwa na wiki 6. Sasa ana miaka 5, na kila anapokosea kuhesabu najilaumu kwamba nimempunguzia akili. Je, nimemdhuru?
Mama mwenye majuto

JIBU

Hapana, dada, na mzigo huo uutue leo. Jaribio bora tulilonalo lilifanywa Belarus miaka ya 1990, katika hospitali 31, kwa akina mama 17,046. Nusu ya hospitali zilipewa mafunzo maalumu ya kuwasaidia mama wanyonyeshe muda mrefu zaidi, nyingine ziliendelea kama kawaida. Watoto walipofika miaka 6 na nusu, wale wa kundi la kwanza walizidi wenzao kwa alama zipatazo 7 katika vipimo vya lugha. Ukiishia hapo utaogopa. Lakini watoto haohao walipopimwa tena wakiwa na miaka 16, tofauti ilikuwa imeshuka hadi alama 1 na kidogo, katika lugha peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotoa mahubiri ya maziwa husahau kulisema. Katika nchi nyingi tajiri, mama wanaonyonyesha kwa muda mrefu ndio pia waliosoma zaidi, na watafiti wa Uskoti walipochambua mwaka 2006 takwimu za watoto 5,475 wa Marekani, wakaiweka akili ya mama yenyewe katika hesabu, karibu faida yote iliyokuwa ikipewa maziwa iliyeyuka. Maziwa ya mama yana sifa zake kubwa, hasa kwa kinga dhidi ya kuhara na magonjwa ya kifua, na kwa hizo peke yake nitamshauri kila mama anayeweza anyonyeshe. Makosa ya hesabu ya mtoto wa miaka 5 yana jina moja, nalo ni utoto.

SWALI

Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna mtu anayeyeyusha betri kuukuu za magari ili apate madini ya risasi ya kuuza. Moshi huingia kwetu, na watoto wangu wa miaka 2 na 4 hucheza katika vumbi lile. Nilipolalamika niliambiwa kazi hiyo ipo tangu zamani na hakuna aliyekufa. Je, nina haki ya kuogopa?
Mpangaji

JIBU

Una haki, na barua yako ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko zote. Anayesema hakuna aliyekufa anapima kitu kisichohusika, kwa kuwa risasi huharibu akili katika viwango visivyomuumiza mtoto kichwa wala tumbo. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka katika kiasi kilekile alichomeza, na huyo ndiye anayetambaa na kutia vidole mdomoni. Mwilini, madini hayo hujifanya kalisi: huingia katika mifupa, hukaa huko miaka mingi, na katika ubongo huvuruga mawasiliano ya neva wakati zinapojipanga.

Mwaka 1979 daktari wa watoto wa Marekani, Herbert Needleman, alipima risasi katika meno ya utotoni yaliyong'oka yenyewe, akaonyesha kwamba watoto wenye risasi nyingi zaidi, ambao hawakuwa wagonjwa hata kidogo, walikuwa nyuma ya wenzao katika akili na usikivu darasani. Mwaka 2005 tafiti kadhaa za nchi mbalimbali ziliunganishwa, jumla ya watoto 1,333 waliofuatiliwa tangu uchanga. Kiwango cha damu kilipopanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita, alama za akili zilipungua kwa 3.9, kilipoendelea kutoka 10 hadi 20, zilipungua kwa 1.9 tu. Maana yake ni kwamba hatua za mwanzo ndizo zenye hasara kubwa zaidi, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kuwa salama. Petroli yenye risasi iliachwa kuuzwa kwa magari duniani kote mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho, lakini rangi za kuta, vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa risasi, mabomba ya zamani na shughuli kama ya jirani yako bado vipo.

Wapeleke watoto wakapimwe damu. Ukiweza kuhama, hama. Sisemi hivyo kwa wepesi, ila kwa sababu ya kitu kimoja kilichogunduliwa mwaka 2001. Watoto 780 wenye risasi ya kiwango cha kati walipewa ama dawa ya kuitoa mwilini ama kidonge kisicho na dawa. Dawa ilishusha kiwango cha damu, lakini akili yao haikuzidi ya wale ambao hawakuipata. Kilichokwisha kuharibiwa hakikurudishwa na kusafisha damu, hivyo kinga ni kuondoa chanzo. Kabla hujapata pa kwenda, piga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio mkavu, viatu vya nje viachwe mlangoni, watoto waoshwe mikono kabla ya kula na kulala, nao wale vyakula vyenye chuma na kalisi, maana mwili wenye upungufu wa madini hayo hufyonza risasi zaidi. Malalamiko yako kwa mamlaka ya mazingira yaandike, uyapeleke mkononi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

SWALI

Mjukuu wangu nilimchukua akiwa na miaka 2 na miezi 3. Kabla ya hapo alilelewa kwa shida, akiachwa peke yake siku nzima, chakula kidogo, hakuna wa kusema naye. Ni mfupi kuliko umri wake na maneno yake ni machache. Watu husema siku elfu moja za kwanza zikipita, mlango umefungwa. Nimechelewa?
Bibi yake

JIBU

Shikamoo bibi. Hujachelewa, ingawa sitakudanganya kwamba miaka ile miwili haikuwa na uzito. Ubongo wa mtoto, ambao wakati wa kuzaliwa ni kama robo ya ule wa mtu mzima, hufikia takribani asilimia 80 ya ukubwa huo anapokaribia miaka 3, na chochote kinachokosekana katika haraka hiyo huacha pengo. Huko Guatemala, kati ya mwaka 1969 na 1977, vijiji viwili vilipewa uji wenye protini na vingine viwili kinywaji kitamu kisicho na protini. Wanaume walioupata uji huo katika miaka yao 2 ya mwanzo walikuja kulipwa, walipokuwa watu wazima, karibu asilimia 46 zaidi kwa saa. Waliouanza baada ya miaka 3 hawakuonyesha faida hiyo. Usemi wa siku elfu moja umetokana na matokeo ya aina hii.

Sasa usikilize upande wa pili. Katika jiji la Kingston, Jamaika, kuanzia mwaka 1986, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Wengine walipewa maziwa ya unga, wengine walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki na mhudumu wa afya wa kawaida, ambaye alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani, wengine walipata vyote, na kundi la mwisho halikupata nyongeza. Baada ya miaka 2 mradi ulikwisha. Faida ya maziwa ilififia baada ya miaka michache, lakini waliotembelewa walikuwa na alama za juu za akili hata walipofika miaka 22, na mapato yao yalizidi ya wenzao kwa takribani asilimia 25. Nimeusoma utafiti huu mara nyingi, na kila mara hunishangaza kwamba kilichodumu ni mazungumzo, wala si kopo la maziwa.

Aliyeishi bila mtu wa kusema naye ana mfano wa karibu zaidi huko Romania. Mradi wa Bucharest, ulioanza mwaka 2000, ulichukua watoto 136 kutoka makao ya yatima, wote wakiwa chini ya miaka 3, na kwa kura nusu yao wakapelekwa katika familia za walezi. Walipofika miaka 4 na nusu, waliobaki makaoni walikuwa na wastani wa alama 73, waliopata familia 81, na watoto wa jirani ambao hawakuwahi kuishi makaoni 109. Waliotoka kabla ya miaka 2 walinufaika zaidi. Hadi hapo ni habari chungu tamu. Lakini watoto wengine wa Romania walioasiliwa na familia za Uingereza walifuatiliwa hadi utu uzima, na hata miongoni mwa waliokaa makaoni zaidi ya miezi 6, udhaifu wa akili uliokuwa dhahiri wakiwa na miaka 6 na 11 ulikuwa umerudi katika hali ya kawaida walipokuwa vijana; kilichobaki kwa baadhi yao ni shida ya kutulia na ya kuhusiana na watu.

Kwa hiyo mlango haufungwi siku ya elfu moja na moja, bibi. Huendelea kuwa mzito kidogo kidogo. Ongea naye unapofanya kazi zako, mwulize na umsubiri ajibu hata kama jibu ni sauti tu, mtajie vitu, msimulie hadithi ileile akiitaka mara kumi. Mpime damu, kwa kuwa upungufu wa madini ya chuma katika umri huu huupunguzia ubongo kasi, nao hutibika. Na maneno machache yanaweza kutokana na masikio, hivyo hayo nayo yakaguliwe.

SWALI

Kaka yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu, anadai sayansi imethibitisha kwamba yeye ana akili kuliko sisi wadogo zake. Nijibu, maana ananikera.
Kitinda mimba

JIBU

Ana hoja yenye ukubwa wa punje. Uchambuzi wa mwaka 2007 wa zaidi ya wanaume 240,000 wa Norway walioandikishwa jeshini ulionyesha kwamba wa kwanza huwazidi wa pili kwa alama 2 na kidogo kwa wastani. Mwambie sehemu ambayo hakuisoma: wazaliwa wa pili ambao kaka au dada yao mkubwa alifariki utotoni walikuwa na alama sawa na za wazaliwa wa kwanza. Kumbe cheo cha kulelewa kama mkubwa ndicho chenye athari, si mpangilio wa kutoka tumboni. Huenda kumfundisha mdogo ndiko kunakomnoa mkubwa, na kwa hesabu hiyo anakudai shukrani kidogo kuliko unavyomdai wewe.

SWALI

Nafundisha darasa la kwanza. Wenzangu hupima watoto wiki ya kwanza kisha huwapanga: wepesi mbele, wazito nyuma. Husema malezi yamekwisha kuamua, shule haibadilishi akili. Je, ni kweli?
Mwalimu

JIBU

Mwalimu, kuna sehemu ya ukweli. Tarehe 1 Juni 1932 karibu kila mtoto wa miaka 11 nchini Uskoti, jumla 87,498, alifanya mtihani mmoja wa akili. Mwaka 1998, Ian Deary na wenzake waliwaita 101 kati yao, sasa wenye miaka 77, wakaufanya tena mtihani uleule, na uwiano wa matokeo mawili hayo ulikuwa 0.63, pale ambapo 1 ingekuwa ulinganifu kamili. Huo ni uthabiti wa kustaajabisha kwa miaka 66. Lakini wenzako hawapimi watoto wa miaka 11. Wanapima wa miaka 6 au 7, wiki ya kwanza, mahali pageni, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo kipimo kinavyobashiri vibaya.

Kuhusu shule kutobadilisha akili, ushahidi unasema kinyume. Norway iliongeza elimu ya lazima kutoka miaka 7 hadi 9, wilaya moja baada ya nyingine, kati ya 1955 na 1972, na kwa kulinganisha wilaya hizo ilionekana kwamba mwaka mmoja wa ziada uliongeza alama zipatazo 3.7. Muhtasari wa mwaka 2018 uliokusanya takwimu za watu zaidi ya 600,000 ulifikia alama 1 hadi 5 kwa kila mwaka wa masomo. Alfred Binet, ambaye pamoja na Théodore Simon alitunga kipimo cha kwanza kinachofaa huko Ufaransa mwaka 1905, alikitunga ili watoto wanaohitaji msaada wapatikane na wasaidiwe, naye aliwapinga waziwazi waliosema akili ni kiasi kisichoongezeka. Kupanga wazito nyuma ni kukitumia kifaa chake kichwa chini.

Usitarajie muujiza wa haraka, hata hivyo. Katika mji wa Ypsilanti, Michigan, mwaka 1962 hadi 1967, watoto 58 kutoka familia maskini, kati ya 123 walioteuliwa, waliingizwa katika elimu bora ya awali. Alama zao za akili zilipanda, na kufikia miaka 8 hivi zilikuwa zimelingana tena na za wenzao, hata wakosoaji wakatangaza kwamba mradi umeshindwa. Walipofuatiliwa hadi miaka 40, hao 58 walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Inaonekana walichokipata ni mazoea ya kutulia, kujaribu tena na kupenda kujifunza, ambayo kipimo cha akili hakiyahesabu.

Kwa darasa lako, anza na wale walioketishwa nyuma. Simama hatua kadhaa nyuma ya kila mmoja umwite kwa sauti ya chini, kisha umsomeshe herufi ubaoni akiwa mbali, jicho moja baada ya jingine. Asiyesikia au asiyeona vizuri mpeleke kliniki, na kabla hajarudi na majibu, kiti chake kiwe cha mbele.